MOYO MKONONI: SOMO LA ANATOMIA KATIKA MAABARA YETU

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba ukitaka kujua uhondo wa ngoma, uingie ucheze. Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba msemo huo ni wa kweli hata katika somo la Biolojia, hasa ile sehemu inayohusu viungo vya mwili wa binadamu, yaani anatomia.

Wengi wetu tumezoea kulikariri somo hili. Mtu anaketi na kitabu, anautazama mchoro wa moyo uliopakwa rangi nyekundu na buluu, anakariri majina mpaka usingizi unamchukua. Wiki moja baada ya mtihani ukimwuliza ni upande gani wa moyo wenye ukuta mnene, anakukodolea macho kama aliyeulizwa njia ya kwenda mwezini. Mimi nasema hivi: kiungo ulichokishika kwa mkono wako mwenyewe hukisahau upesi. Isitoshe, jambo ulilolielewa kiasi hicho unaweza kumweleza hata mtu ambaye hakuwahi kuingia darasani. Nitaeleza tulivyofanya mwaka jana tukiwa kidato cha pili, ili wadogo zetu wanaotufuata wasije wakaiogopa siku hiyo ikifika.

KWA NINI MBUZI?

Swali la kwanza analouliza kila mtu ni hili: utajifunzaje mwili wa mtu kwa kumpasua mbuzi? Ni swali zuri. Miili ya watu waliofariki hutumiwa na wanafunzi wa udaktari, kwa mfano wale wa Chuo Kikuu cha Nairobi katika bewa la Chiromo, na jambo hilo lina sheria yake. Si la kufanyiwa mchezo, maana mwili ule ulikuwa mtu mwenye jina na jamaa zake. Sisi wa shule ya kutwa tuna bucha.

Na bucha si haba. Mbuzi ni mamalia kama sisi. Moyo wake una vyumba vinne kama wetu, vali zake zimepangwa kama zetu, na damu yake hupita njia ileile. Mbona basi tusitumie ng'ombe, ambaye moyo wake ni mkubwa na kila kitu kingeonekana wazi? Mwalimu wetu alitupa sababu tatu. Kwanza, mkaguzi wa nyama huupasua moyo wa ng'ombe akitafuta vifuko vya minyoo ya tegu, kwa hivyo mara nyingi huufikia ukiwa umekwisha kukatwakatwa. Pili, figo la ng'ombe lina mafundomafundo kama shada la zabibu, hali la mbuzi ni laini lenye umbo la haragwe, kama letu. Tatu, mbuzi aliyechinjwa kwa njia ya halali hakuna mwanafunzi darasani atakayekataa kumgusa kwa sababu ya dini yake.

MATAYARISHO

Tulikuwa 42 darasani na maabara yetu ni moja kwa shule nzima. Tulichanga shilingi 20 kila mmoja, tukapata mioyo 7 na mafigo 7, yaani wanafunzi 6 kwa kila moyo. Sharti moja la maana ni kuzungumza na mwenye bucha mapema, angalau siku moja kabla. Mwambie asiikate mishipa mikubwa karibu na moyo bali aache mabomba marefu kama kidole. Bomba likikatwa fupi, nusu ya somo imekwenda. Mzee wa bucha yetu alicheka sana. Akatuuliza, "Mnataka kupika ama mnataka kuoa?" Lakini alitufanyia jinsi tulivyomwomba.

Vifaa vyenyewe ni hivi: sinia, kisu kikali au wembe wa kupasulia, makasi, rula, penseli, mrija wa kunywea soda, maji safi, glavu na sabuni. Kama glavu hazitoshi, wenye glavu ndio wanaoshika na wengine wanachora, kisha wanabadilishana kwa glavu safi. Mtu mwenye kidonda mkononi hashiki kabisa. Hakuna kula maabarani, hakuna kujishika uso, na wembe haupewi mtu kwa mkono: unauweka mezani, naye anauokota. Baada ya kazi, meza huoshwa kwa dawa na mabaki hufukiwa shimoni. Nyama iliyopasuliwa maabarani hailiwi, hata kama mtu ana njaa ya kuruka chakula cha saa sita. Kuna ndugu mmoja katika kundi letu aliyeapa asubuhi hiyo kwamba hatakula nyama tena maisha yake yote. Jioni yake tulimkuta kwenye kibanda akinywa supu.

HATUA KWA HATUA

1. Tazama kabla ya kukata. Osha damu iliyoganda, uuweke moyo kwenye sinia ncha yake ikielekea kwako. Utaona mafuta meupe, na ndani ya mafuta vijishipa vyembamba vinavyotambaa juu ya nyama. Hivyo ndivyo vinavyoulisha moyo wenyewe. Wengi hudhani kwamba moyo, kwa kuwa umejaa damu, hujipatia chakula humohumo. Sivyo. Unalishwa na ateri zake ndogo, na mojawapo ikizibika, sehemu ya nyama inayotegemea ateri hiyo huanza kufa. Huo ndio ugonjwa unaomwangusha mtu ghafla.

2. Tafuta kulia na kushoto. Kushoto kwa moyo ni kushoto kwa mwenye moyo, si kushoto kwako wewe unayeutazama. Ni kama mtu mnayeangaliana uso kwa uso. Kama huna hakika, bonyeza kwa vidole. Upande mmoja utakuwa mgumu kama kiazi kibichi, huo ni wa kushoto. Upande mwingine utabonyea, huo ni wa kulia.

3. Pima mabomba. Chukua aota, ile ateri kubwa kuliko zote, uifinye kisha uiachilie. Inafunguka yenyewe kama mpira. Halafu fanya vivyo hivyo kwa vena kava, inayorudisha damu moyoni. Hiyo inalala tu kama mfuko mtupu. Hapo hapo umejua tofauti ya ateri na vena bila kukariri: ateri hupokea damu inayosukumwa kwa nguvu, ndiyo maana kuta zake ni nene na zinavutika. Vena hupokea damu iliyokwisha kupoa nguvu.

4. Mimina maji. Hatua hii ndiyo iliyotufanya tupige makofi. Kabla hujapasua, inua moyo, ushike mdomo wa aota uwe wazi, umimine maji polepole. Ungedhani yatashuka mpaka ndani ya chumba. Hayashuki. Yanajaa pale pale na kutulia, yakipungua kidogo kidogo tu kupitia matundu ya zile ateri ndogo zinazoulisha moyo. Chini kuna vali yenye vifuko vitatu. Maji yakirudi nyuma huvijaza vifuko hivyo, navyo hukutana katikati na kufunga njia. Hakuna komeo, hakuna mlinzi. Damu yenyewe inayotaka kurudi ndiyo inayofunga mlango.

5. Pasua. Anzia karibu na ncha, ukate kwenda juu upande wa kushoto, kisha upande wa kulia. Pima kuta kwa rula. Katika moyo wa kundi letu ukuta wa ventrikali ya kushoto ulikuwa na unene wa karibu mara tatu ya ule wa kulia. Sababu ni kazi. Ventrikali ya kulia hupeleka damu kwenye mapafu, ambayo ni majirani zake. Ya kushoto huipeleka mpaka utosini na mpaka kwenye kidole cha mwisho cha mguu. Ni kama mtu anayechota maji kwenye bomba la uani na yule anayeyapandisha mlimani; mabega yao hayawezi kulingana.

6. Vuta nyuzi. Kati ya auriko, yaani chumba cha juu, na ventrikali iliyo chini yake, kuna vali nyingine. Ya kulia ina vipande vitatu na ya kushoto ina viwili. Chini yake utaona nyuzi nyeupe zilizoshikana na ukuta. Zivute kwa kibano. Utashangaa zilivyo imara. Si unajua upepo unavyoupindua mwavuli tukiwa njiani kuja shuleni wakati wa mvua? Nyuzi hizi huzuia vali isipinduke namna hiyo ventrikali inapokaza. Na ile sauti ya du-dup unayosikia ukiweka sikio kifuani mwa mtu ni vali zikifunga: kwanza hizi zenye nyuzi, kisha zile za vifuko.

UKUTA WA KATI NA MABINGWA WA ZAMANI

Sasa njoo kwenye ukuta unaotenganisha ventrikali ya kulia na ya kushoto. Mwalimu alituambia, "Tafuteni tundu." Tulitafuta. Tulijaribu kupenyeza ncha ya mrija, tukamulika kwa tochi, tukafinya. Hakuna. Alipoona tumeridhika ndipo alipotupa hadithi, na mpaka leo nadhani ilikuwa nusu ya somo.

Katika karne ya 2 alikuwako daktari Mgiriki aitwaye Galen, aliyefanya kazi Roma. Alikuwa hodari wa kupasua wanyama kama nyani na nguruwe, kwa kuwa huko kupasua maiti za watu hakukuruhusiwa. Galen alifundisha kwamba damu hupita kutoka upande wa kulia wa moyo kwenda wa kushoto kupitia vitundu vidogo mno katika ukuta wa kati. Hakuna aliyeviona, lakini vitabu vyake vilisomwa na kuaminiwa kwa zaidi ya miaka 1,000.

Mwaka 1242 Ibn al-Nafis, tabibu aliyezaliwa Sham na kufanya kazi Cairo nchini Misri, aliandika kwamba ukuta ule ni mzito na hauna tundu lolote, linaloonekana wala lisiloonekana. Alisema damu lazima ipitie kwenye mapafu kwanza. Maandishi yake yalisahaulika kwa muda mrefu. Mwaka 1924 daktari mmoja Mmisri aliyekuwa akisoma Ujerumani aliyakuta Berlin. Huko Ulaya, Andreas Vesalius, aliyefundisha Padua nchini Italia, alitoa mwaka 1543 kitabu kikubwa chenye michoro iliyotokana na kupasua miili ya watu. Yeye pia alivitilia shaka vile vitundu.

Hapa ndipo pana fundisho. Galen hakuwa mvivu wa kukariri. Alipasua kwa mikono yake mwenyewe. Shida ni kwamba fikira zake zilihitaji vitundu, basi akaviamini bila kuviona. Kwa hiyo mkono peke yake hautoshi. Macho nayo lazima yawe na uaminifu. Ndiyo sababu mwalimu anapokwambia katika kazi ya maabara uchore unachokiona, anamaanisha hivyo. Kama moyo wako umekatwa vibaya na auriko moja haipo, usiichore ati kwa sababu ipo kitabuni.

HESABU YA HARVEY

Daktari wa Kiingereza, William Harvey, alitoa mwaka 1628 kitabu kuhusu mwendo wa moyo na damu. Wakati huo wengi waliamini kwamba damu hutengenezwa kwenye ini kutokana na chakula na kuishia mwilini. Harvey alitumia hesabu. Na sisi tuifanye kwa tarakimu za siku hizi. Moyo wa mtu mzima aliyepumzika husukuma karibu mililita 70 kila unapopiga, nao hupiga karibu mara 70 kwa dakika. Zidisha: ni mililita 4,900, yaani karibu lita 5 kwa dakika. Kwa nusu saa ni lita 147, zaidi ya mitungi 7 ya lita 20. Lakini damu yote iliyomo mwilini ni kama lita 5 tu! Ni ini gani litakalotengeneza mitungi 7 ya damu kwa nusu saa, na nani atakula chakula hicho chote? Basi damu haina budi kuwa ileile inayozunguka.

Jambo moja Harvey hakuliona: damu inatokaje kwenye ateri na kuingia kwenye vena? Mwaka 1661 Marcello Malpighi wa Italia alitazama pafu la chura kwa hadubini na kuviona vijishipa vyembamba mno vinavyounganisha, ambavyo sasa tunaviita kapilari. Harvey alikuwa amekufa mwaka 1657.

Ukuta wa moyo una neno jingine la kutuambia. Mtoto akiwa tumboni huwa na tundu kati ya auriko mbili, kwa sababu mapafu yake hayajaanza kuvuta hewa. Kwa kawaida tundu hilo huziba baada ya kuzaliwa, na ukiangalia kwa makini utaona kibonyeo mahali lilipokuwa. Lakini kuna watoto wanaozaliwa na tundu lisiloziba, katika ukuta wa juu au wa chini. Tunapochangiwa bahasha ya harambee ya mtoto mwenye tundu kwenye moyo, sasa tunajua ni ukuta gani unaosemwa, na kwa nini mtoto huyo anahema akitembea kidogo.

FIGO KWA UFUPI

Figo lipasue kwa urefu, kama unavyofungua kitabu. Utaona gamba la nje lenye rangi nyekundu iliyokolea, kiini cha ndani chenye mistarimistari, na katikati nafasi nyeupe inayoelekea kwenye bomba la ureta. Penyeza mrija kwenye ureta uone unatokea wapi. Figo moja la mtu lina vichujio karibu milioni moja visivyoonekana kwa macho. Mafigo mawili huchuja karibu lita 180 kwa siku, lakini mkojo unaotoka ni lita moja hadi mbili tu. Maji mengine yote hurudishwa mwilini.

MBUZI SI MTU

Baada ya kumsifu mbuzi hivi, lazima niseme pia mahali anapodanganya. Mbuzi ana jozi 13 za mbavu, mtu ana 12. Mbuzi ana tumbo lenye vyumba vinne kwa ajili ya kucheua; letu lina chumba kimoja. Na kuna taya la chini. Galen aliandika kwamba taya la chini la mtu ni mifupa miwili, kwa kuwa ndivyo alivyoona kwa wanyama. Vesalius akaonyesha kwamba la mtu mzima ni mfupa mmoja. Hili waweza kulihakikisha nyumbani. Siku ikipikwa supu ya kichwa cha mbuzi, omba taya la chini likiisha kuchemka. Utaona linaachana katikati. Kisha shika kidevu chako. Hakuna kiungio.

MAABARA UNAYOTEMBEA NAYO

Kama shule yako haina hata sinia, bado una mwili wako. Weka vidole viwili, si kidole gumba, kwenye kifundo cha mkono chini ya kidole gumba. Hesabu mapigo kwa nusu dakika, uzidishe kwa 2. Mtu mzima aliyepumzika huwa na mapigo 60 hadi 100 kwa dakika. Sasa panda ngazi mbio, uhesabu tena, na uendelee kila dakika mpaka yarudi kama mwanzo. Chora grafu. Tulipofanya hivyo, wale wanaotembea mwendo mrefu kuja shuleni mapigo yao yalirudi chini upesi kuliko wale wanaokuja kwa matatu. Kumbe shida nazo zina faida!

NYANYA NA PRESHA

Nimeeleza haya yote ili nifike hapa. Nyanya yangu ana presha. Kliniki walimpa vidonge vya kumeza kila siku, lakini akijisikia nafuu anaviacha. Nyumbani tulimbembeleza, tukamgombeza, wapi! "Siumwi mahali," anasema, "kwa nini nimeze dawa?"

Jioni ya siku ile ya maabara nilimchorea moyo. Nikamweleza kwamba mishipa ikiwa imekaza, ule upande wa kushoto unasukuma kwa taabu usiku na mchana, basi ukuta wake unazidi kunenepa. Akaniuliza swali ambalo darasani hakuna aliyeliuliza: "Kwani ukinenepa, mjukuu wangu, si ndio una nguvu?"

Nilifikiri kidogo. Nikamwambia, "Nyanya, ukuta wa moyo hunenepa pia kwa ndani. Chumba kinakuwa kidogo na kigumu, hakijai damu vizuri. Na vile vijishipa vinavyoulisha haviongezeki sawa na hiyo nyama. Mwishowe unachoka na kulegea. Na wakati wote huo hauumi."

"Hauumi kabisa?"

"Kwa wengi hauumi. Ndiyo sababu wanapima kwa mashine. Ikifika 140 juu na 90 chini mara kwa mara, hiyo ni presha, hata kama mtu anacheza ngoma."

Alinyamaza. Hakusema ataanza kumeza kila siku, na sitawadanganya kwamba hajaruka hata siku moja tangu hapo. Lakini alimwambia mama aitoe ile karatasi ya dawa kabatini na kuiweka kando ya mkebe wa majani ya chai, maana chai hawezi kuisahau. Mwezi uliofuata alikwenda kupimwa bila kusukumwa na mtu.

Sasa fikirini: Biolojia tunaisoma kwa Kiingereza na mtihani wa KCSE tutaufanya kwa Kiingereza. Hakuna ubaya. Lakini nyanya hasomi kwa Kiingereza, na moyo wake ndio unaohitaji somo hilo. Kama ningekuwa nimekariri tu, ningekuwa na majina yasiyo na maana kwake. Kwa kuwa nilikuwa nimeushika ukuta ule na kuupima, maneno ya Kiswahili yalikuja yenyewe.

MSAMIATI

Chama chetu kimeanza kukusanya maneno haya, nanyi mwaweza kuongeza.

Ateri: mshipa unaotoa damu moyoni. Vena: mshipa unaorudisha damu moyoni. Kapilari: vijishipa vyembamba vinavyounganisha hizo mbili. Aota: ateri kuu. Auriko: chumba cha juu cha moyo. Ventrikali: chumba cha chini. Vali: mlango wa njia moja. Kongosho: kiungo kilicho nyuma ya tumbo kinachotoa homoni ya insulini. Bandama: kiungo kilicho kushoto, chini ya mbavu, kinachoondoa chembe kuukuu za damu. Nyongo: majimaji machungu yanayotengenezwa na ini na kuwekwa kwenye kifuko chake. Mchinjaji akikipasua kifuko hicho nyama huwa chungu. Ndipo twasema jambo limetumbukia nyongo. Wazee wetu walivijua viungo hivi kwa kushika kabla sisi hatujapata maabara, ndiyo maana lugha imejaa semi kama kupiga moyo konde, kufa moyo na kukata maini.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini maji yaliyomiminwa kwenye aota hayaingii ventrikali?
2. Ukipewa moyo usio na mabomba yoyote, utajuaje upande wa kushoto?
3. Mapigo ya moyo wako ni mangapi ukiwa umepumzika? Kwa kipimo cha mililita 70 kwa pigo, husukuma lita ngapi kwa saa moja?
4. Taja mambo mawili ambayo mbuzi angekudanganya kuhusu mwili wa mtu.
5. Mweleze mtu mmoja wa nyumbani kwenu, kwa Kiswahili au lugha ya mama, kwa nini ukuta wa kushoto wa moyo ni mnene. Andika swali atakalokuuliza.

Majibu mleteeni katibu wa Chama cha Kiswahili kabla ya kufunga muhula. Yale ya swali la 5 tutayasoma mbele ya wanachama, na swali litakalotushinda tutampelekea mwalimu wa Biolojia.